Farasi Aliyenisubiri Majini

Chebet mjukuu wangu,

Huku tu wazima, ng'ombe amezaa ndama jike. Barua yako fupi kama ya mtu anayekimbizwa!

Unauliza mbona nilikataa kuja kukaa nawe Nairobi mpaka uzoee. Sikia. Nikiwa msichana Mau Narok, baba alitunza farasi wa mzungu. Mmoja mchanga aliogopa maji. Nikamzoesha kuvuka mto mimi nikitangulia, nikajisifu sana. Siku ya mashindano yake ya kwanza, akafika majini na mzungu mgongoni, akasimama, akalia akinitafuta.

"Usisogee! Kusaidia hakuruhusiwi," baba akasema.

Hakuvuka. Nilimfundisha kunifuata, si kuvuka.

Wiki hiyo akauzwa. Sijui huko alikokwenda nani alimtangulia.

Nyanya yako, anayekukumbuka mpaka inaudhi.