Matairi Niliyoyachagua Mwenyewe

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimefungua duka, nimepanga ndoo na mabeseni, nimekaa. Wateja wa kuhesabu. Mtaa wote wa Usagara umejikunyata.

Jioni Bwana kanishangaza. Anataka tubadilishe matairi ya gari, na si ya kawaida. Anataka ya kashata, yale yenye meno ya kutafuna tope. Nimecheka. Hilux yetu inatoka nyumbani Nguvumali, inakwenda dukani Usagara, inarudi. Lami tupu. Nikamuuliza kama anataka kulimia. Hakucheka. Mbaraka huyu, anayecheka hata akikanyaga msumari.

Ni kweli yaliyopo yameshakuwa vipara. Nimekubali tukatazame. Yeye haendeshi tena tangu macho yalipoingia ukungu, anangoja kupasuliwa mtoto wa jicho. Dereva ni mimi. Kwa hiyo mchaguzi ni mimi.

Alhamisi, 10 Aprili

Kwa muuza matairi. Mtu wa maneno mengi kuliko mali. Ametuanzia na ya mtumba, kayapaka kiwi cha viatu yang'ae. Nimepitisha kidole, kikatoka cheusi. Nimetazama ubavuni, nyufa. Nikamwambia hayo akamuuzie mkwewe.

Mapya yako ya namna tatu. Ya lami, kashata fupi, hayana kelele. Ya matope, kashata nene kama matofali, yananguruma barabarani na kwenye lami yanakwisha upesi. Halafu ya kati, yanayokubali huku na huku. Mimi nilishasimama kwenye ya lami. Bwana akawa anayapapasa yote, moja moja, anapima kina kwa ukucha kwa sababu haoni vizuri. Akasema nichague kama vile nitaendesha njia ya shamba, masika hii hii. Nikamuuliza shamba gani. Akajifanya anamsikiliza muuzaji.

Nimechagua ya kati, ubavu mnene, maana mawe yetu ya matumbawe hukata ubavu kabla ya kitu kingine. Yeye aliyataka ya matope kabisa. Nikakataa. Mngurumo huo ningeusikia mimi kila siku.

Jumamosi, 12 Aprili

Yamefungwa. Gari limeinuka, limekuwa na kiburi. Nimelipenda, nakiri.

Shangazi yangu kaja kula mchana. Kauliza tena mbona nyumba hii haina mtoto, na Bwana akajibu lile lile la miaka yote, kwamba tatizo ni lake. Hospitali hakukubali kupimwa hata mara moja, alisema anajijua. Mimi nilipimwa, hawakuona kitu. Shangazi akanitazama kwa huruma, na mimi nikamtazama Bwana kwa shukrani. Wanaume wengine wangenitangaza tasa kwenye kila baraza la mji huu.

Jumatatu, 14 Aprili

Sijui nianzie wapi. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi kapiga hodi mama mmoja wa makamo, buibui limelowa, viatu kavishika mkononi. Simjui. Nimemkaribisha, nimempa chai na maandazi, maana ndivyo tulivyolelewa, mgeni haulizwi kabla hajanywa kitu. Akanywa. Akajifuta. Akasema alilotumwa.

"Natoka Mwera, nimekuja kualika. Jumamosi mwanenu Zuhura aolewa. Baba mtu tushazungumza naye, yeye ndiye mwenye kumuoza. Lakini nikasema mama wa huku naye aalikwe kwa mdomo, si kwa kusikia."

Mwanenu. Nilidhani kakosea nyumba. Nikamuuliza baba wa bibi harusi anaitwa nani. Akataja jina la mume wangu, na la baba yake, na Pemba alikotoka.

Na mimi nikafanya nini? Nikatabasamu. Nikasema, "Inshallah, tutafika." Mwalikaji hakataliwi mlangoni, wala haonyeshwi kuwa mwenyeji ndiyo kwanza anasikia. Nimemsindikiza mpaka njiani kwa mwavuli. Niliporudi nikakaa kizingitini na mvua inanipiga.

Halafu nikayaona matairi. Nimeyachagua mimi. Nimeyatazama ubavu na kashata, nimebishana na muuzaji, nimeshinda.

Jumanne, 15 Aprili

Kasema yote. Sikupiga kelele. Ningeweza kuvunja duka zima la vyombo, lakini sikupiga kelele.

Alipotoka Pemba akiwa kijana alifanya kazi mashamba ya minazi huko Mwera, pwani hii hii ya bara. Akaoa. Hawakuelewana, wakaachana, mtoto akiwa mchanga. Kisha akaja Tanga, akaniona mimi. Baba yangu, Mungu amrehemu, alisema hatampa binti yake mwanamume aliyekwisha kuacha mke. Basi akasema hajaoa kamwe. Ndugu zake wako kisiwani, nani wa kumsuta? Huyu ni mwaka wetu wa ishirini. Miaka yote hiyo akituma matumizi, akiongea na binti kwa simu, akienda kumtazama mara moja moja na kuniambia ana safari za kazi.

Wanasema mficha uchi hazai. Huyu kaficha na kazaa.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia baadaye, baba yangu alipokwisha kufa. Akajibu chini chini.

"Ningesema Zuhura yupo, watu wote wangekuonyesha wewe kidole."

Nimetoka chumbani.

Jumatano, 16 Aprili

Basi ni mimi.

Sikufungua duka.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimemhamishia chumba cha uani. Kaenda na mto wake.

Nina hasira za namna mbili na zinagombana. Moja, kanidanganya. Ya pili, kanisitiri kwa uwongo ule ule, na sikumwomba. Kila alipojibebesha mzigo mbele ya watu nilimpenda zaidi. Sasa sijui yale mapenzi niyaweke wapi.

Mchana kaja kusimama mlango wa jiko. Dereva aliyemkodi aendeshe Hilux kakataa, kasema njia ya Mwera ukiacha barabara kubwa imeoza, gari zinalala huko. Nikamwambia ampe sheikh wa huko uwakala kwa simu, ndoa inapita. Sheria inaruhusu. Akasema alishamwambia binti hivyo. Binti kakataa. Kasema baba wa kwenye simu anaye tangu azaliwe, siku moja hii anataka wa mkono. Asipokuja, yeye haolewi Jumamosi.

Nimekoroga mchuzi mpaka samaki wamevunjika.

Sitaki kwenda. Lakini yule mama alilowa njia nzima kuja kunialika mimi, na nikamwambia inshallah. Binti hakunidanganya kitu. Na haoni njia, huyu mwanamume. Nimemwambia awe tayari asubuhi.

Jumamosi, 19 Aprili

Tumetoka mapema. Lami nzuri, matairi yakivuma kidogo, si kelele ya kuudhi.

Tulipoacha barabara kubwa nikamwelewa yule dereva. Udongo mfinyanzi, mwekundu, umelainika. Noah ya waalikwa imezama mpaka mlangoni, wanawake wamesimama kando na nguo zao za harusi wamezikunja magotini. Nimeshuka, nikapunguza upepo kwenye matairi ili yakamate. Bwana alitaka kunishikia kitu. Nikamwambia akae ndani, kanzu yake nyeupe. Nikaweka magurudumu yote manne yavute, nikaingia taratibu. Gari likaserereka upande, kisha kashata zikashika na tukapita. Nilisikia fahari. Kwenye safari kama ile, fahari! Tukawapakia wanawake wa Noah nyuma. Wakaniuliza mimi ni nani wa bibi harusi. Nikasema ni dereva.

Mwera, pigo lingine. Wote wananijua. Jina langu, duka langu, kwamba nauza vyombo, kwamba natengeneza maandazi ya iliki. Binti kasimuliwa habari zangu tangu anajua kusema. Mimi peke yangu ndiye sikumjua mtu. Mama yake kaja kunipokea, mwanamke mpole, mwembamba, kanishika mikono yote miwili. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Sikupata pa kuanzia.

Kabla ya kuozesha, baba anaingia kumuuliza binti kama ameridhia. Chumba kimejaa wanawake na giza la mapazia, na yeye haoni. Ikabidi nimshike mkono mimi. Nimempitisha katikati yao mpaka kitandani. Zuhura ana paji la uso la baba yake, lile lile. Lilinishtua kuliko yote niliyosikia wiki hii. Baba akauliza. Binti akaitika kwa sauti ya chini. Akamshika mkono baba yake, kisha akaushika wangu.

"Shikamoo mama. Nilijua yeye atakuja. Wewe sikujua."

Nikaitikia marahaba. Nikatoka nikaenda kusimama nyuma ya jiko, kwenye moshi, ili nisiulizwe macho yana nini.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua imekatika. Nimefungua duka, nimeuza kidogo, nimerudi mapema.

Sijamsamehe. Nimemwambia wazi, na kwamba akitaka tuendelee, shangazi yangu ataujua ukweli, na nitamwambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, pamoja na lile linalonihusu. Kasema si lazima nijidhalilishe. Nikamwambia si kazi yake tena kunichagulia. Bado analala uani. Mchana nimempelekea wali kwenye sinia, tumekula pamoja.

Alasiri simu yake ikaita. Hakuona jina, akanipa nimsomee. Zuhura. Nikamrudishia. Akasikiliza, kisha akanyoosha mkono na simu kuja kwangu, kasema anatakiwa mama.

Aliuliza kama tulifika salama, na njia ilikuwaje. Nikamweleza. Nikangoja akate. Hakukata. Akauliza yale maandazi naweka iliki kabla ya tui au baada.

Nikavuta kiti.