Vidoa na Madoa

Same Mjini,
Tarehe 11 Juni.

Dada yangu mpendwa Eliakunda,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti halikusumbui sana katika baridi hii ya Mhezi. Shemeji Loth naye hajambo? Devotha aliniambia kuwa anakohoa na bado anakataa kwenda zahanati. Mwambie nimesema aache ukaidi. Mimi ni mzima, isipokuwa nimechoka. Si uchovu wa kazi, maana kazi sina. Ni uchovu wa mtu anayeamka asubuhi akiwa amekwisha kuchoka.

Utashangaa kuona barua ilhali simu tunazo. Kwenye simu, dada, hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na jambo hili sina budi kulimaliza.

Uliponipigia Jumapili ulimtaja Salehe, yule mkulima wa Ndungu aliyekuwa akimsimamia Devotha majaruba yake ya majaribio. Ulisema mpunga wa mwanao, kazi ya misimu minne, umepotea kwa sababu yake. Ulisema karatasi ilikuwa na kosa la uchapaji, sawa, lakini ni mtu wa namna gani huyo anayeng'oa kwanza na kufikiri baadaye. Kwa nini hakuuliza? Ukaongeza kwamba umewaeleza hivyo akina mama wote wa kwaya. Nilikujibu kwamba mtandao ni mbaya, sikusikii. Mtandao ulikuwa mzuri.

Sijui Devotha amekueleza kwa kiasi gani kuhusu kazi yake, kwa hiyo nitakueleza kama nilivyoelewa mimi. Mpunga una jeni za kujilinda dhidi ya ule ukungu unaounguza majani. Jeni hizo hazifanyi kazi siku zote, kwa sababu mmea unaojilinda kila wakati haukui vizuri, na nafaka yake huwa haba. Nilimuuliza kama zimezimwa au zimezimika, maana kutendwa na kutendeka si jambo moja. Alicheka, akasema, Mjomba, hata huku? Kisha akanijibu kwamba zimezimwa, kwa kuwa ipo protini inayozikalia mpaka hatari ifike. Ukungu ukigusa jani la mpunga ulio imara, jani huutambua upesi na jeni zile huwashwa. Seli zilizo jirani na ukungu hujiua zenyewe, na ukungu hukosa chakula. Pale pigano lilipokwisha hubaki kidoa cha kahawia, kidogo kama ncha ya kalamu. Mpunga dhaifu haujui kuziwasha kwa wakati. Huo hupata madoa makubwa, yenye kijivu katikati, halafu hufa.

Kwa hiyo, dada, kidoa ni alama ya mshindi. Nilielezwa hayo nikiwa nimeketi, nikiwa na akili timamu, nikiitikia kwa kichwa.

Mwezi wa tatu Devotha aliniletea maelekezo ya wakulima niyasahihishe lugha, kisha niyapeleke stesheneri yakachapwe, maana yeye alikuwa anaondoka kwenda Morogoro kwenye mafunzo ya wiki tatu. Aliandika: "Miche yenye vidoa iachwe. Miche yenye madoa ing'olewe." Nilichukua kalamu nyekundu. Nilimwona mwanafunzi wangu amerudia kosa la darasa la tano, nomino moja katika ngeli mbili, na sentensi mbili zinazopingana. Doa, madoa. Waraka rasmi hauandikwi kwa maneno ya udogo, kana kwamba tunabembeleza mtoto. Nikaifuta sentensi ya kwanza yote, nikaibakiza ya pili. Zikachapwa karatasi sitini, nikazipakia mwenyewe kwenye gari la Ndungu.

Hilo ndilo kosa la uchapaji ulilolisikia. Mchapaji hakukosea hata herufi. Devotha aliliita hivyo mbele ya wakubwa wake ili asinitaje.

Wakulima waling'oa kila mche wenye alama, iwe kubwa, iwe ndogo. Wakaubakiza mpunga uliokuwa safi kabisa, ukipendeza macho, nao ulikuwa safi kwa sababu ukungu ulikuwa bado haujaufikia. Mvua za Aprili zilipozidi, ukungu ukaufikia. Devotha aliporudi alikuta majaruba yamekuwa rangi ya majivu.

Wakubwa walisema kwamba, karatasi au si karatasi, Salehe alionyeshwa majani yale kwa macho yake, akaelekezwa kwa mdomo, hivyo alipoona tofauti alipaswa kuuliza. Wakamwondoa katika usimamizi. Kule mferejini sasa wanamwita Mng'oaji. Akipita, vijana huambiana waifunike michicha, Mng'oaji huyo. Mtu wa miaka hamsini na minane, aliyeongoza zamu za maji bila kumdhulumu jirani.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka kwa kurasa mbili.

Salehe aliuliza. Siku karatasi zilipofika, saa sita mchana, alimtafuta Devotha, hakupatikana, akanipigia mimi. Alinisalimu kwa heshima kama kawaida yake, akasema anaomba ufafanuzi: binti alisema vidoa tuviache, na karatasi inasema madoa tuyang'oe, je, Mwalimu, hivyo ni vitu viwili au ni kimoja? Nimefundisha miaka thelathini na sita, na ni wachache walioniuliza swali lililonyooka namna ile. Nilimjibu kwamba doa ni doa, na kwamba afuate kilichoandikwa. Akarudia, kwa upole, kwamba binti alisisitiza sana vile vidogo. Nikamwuliza, Salehe, mwalimu ni nani kati yetu? Akasema, "Ni wewe, Mwalimu." Akakata simu, akaenda kung'oa.

Juzi nilimfuata Ndungu. Alinikaribisha, mkewe Salha akaleta chai, tukazungumza habari za maji na za ndege waharibifu mpaka nikaishiwa na maneno. Nilimwuliza kwa nini hakusema kwamba aliniuliza. Alijibu kuwa nimewafundisha wanawe kusoma, Chande na Yasmini wote wawili, angeanzaje kunitaja mbele ya watu. Kisha akasema, bila hasira yoyote, kwamba alidhani ningesema mwenyewe, akawa anangoja.

Amengoja wiki sita, dada.

Jana nilimwambia Devotha kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, Asante kwa kuniambia, Mjomba. Hakunitazama. Baadaye alinieleza kwamba kwenye kituo chao cha utafiti imebaki mbegu ya msimu wa pili, haizidi kiganja, na ataanza nayo upya. Kisha nilipeleka barua kwa mkuu wake. Aliisoma nikiwa nimesimama, akasema ataliangalia, ila nafasi ya Salehe imekwisha kupewa mtu mwingine. Alhamisi wakulima wana mkutano wao Ndungu. Nimeomba nafasi ya kusema, nimepewa dakika tano. Zinatosha.

Nawe nina ombi. Jumapili baada ya ibada, wakusanye akina mama wale wa kwaya uliowaeleza habari za Salehe. Usiseme kuna mkanganyiko umetokea, wala usiseme mdogo wako amezeeka. Waambie kwamba Salehe aliuliza mara mbili, na kwamba aliyemjibu ni mimi. Litaje jina langu lote. Ukishalisema, nipigie simu unijulishe, na safari hiyo nitakuacha uzungumze utakavyo.

Msalimie Shemeji Loth, Blandina na wajukuu, na jirani yetu Sadock, ukimwona. Nakuombea goti lipone na Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako,

Melkizedeki