Kaka, Usingoje Likizo

Nyumbani,
Chumba cha uani,
Jumapili mchana.

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole na baridi ya huko. Hujambo lakini? Kifua kimeacha kukusumbua? Na wifi yangu, bado anakulazimisha kuvaa soksi mbili mbili? Mwambie namuunga mkono. Mimi ni mzima wa mwili. Kusema "sote hatujambo" kama ilivyo desturi siwezi, maana nakuandikia kukuomba uje sasa hivi kumwona Baba, usingoje likizo yako.

Naandika kwa sababu simu zetu hazina faida. Nikikupigia, Mama hukaa ubavuni mwangu akinikanyaga mguu. Ukiomba kuongea na Baba, anajikohoza kwanza, anaikaza sauti, anakwambia hajambo. Simu ikikatika tu, yuko hoi mpaka jioni.

Ngoja kwanza nikueleze ya kazini, uelewe kwa nini nimevunja agizo la Mama.

Ofisi yetu ilipewa kazi ya kuhamisha majibu ya maabara ya hospitali kutoka mashine kuukuu kwenda mpya. Anayehamisha ni wakala, yaani programu ya akili bandia inayojiendesha. Anafungua terminali, yale madirisha meusi ya kuandikia kompyuta amri, anaacha kazi inaendelea humu, anahamia kule. Uzoefu hana. Anachojua kuhusu kila zana anayotumia ni maelezo aliyoandikiwa na watu. Mwandishi wa maelezo hayo alikuwa mwenzangu tuliyemwita Mpole, na jina lilimkaa. Mtu yule ukimkanyaga, anakuomba radhi yeye.

Basi kwenye zana ya kufunga terminali Mpole aliandika: "Hufunga terminali isiyotumika. Ni vizuri kuhakikisha kwanza." Uongo hapo hakuna. Ila hakusema kwamba ukiifunga, kazi yote iliyo ndani inakufa papo hapo. Wala hakusema kwamba terminali iliyo kimya inaweza kuwa katikati ya kazi. Wakala akaona moja imenyamaza muda mrefu, akadhani haina kitu, akaifunga. Kumbe majibu ya wagonjwa yalikuwa njiani, na mashine kuukuu ilishayafuta. Yakapotea yote.

Wagonjwa wakaitwa upya kutolewa damu, nami nikatumwa hospitali kuomba radhi. Mama mmoja alikuwa amempakata mtoto aliyekonda kwa ugonjwa, mikono imechomwa sindano mpaka muuguzi anatafuta mshipa mguuni. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Kwani nyie hamkujua?" Nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Mpole alifukuzwa. Nilimsindikiza hadi getini, nimembebea sweta lake. Akaniambia, "Dada, sikutaka nionekane natoa amri." Ee Mungu wangu, eti amri! Nilimwonea huruma, na hapohapo nilitaka kumzaba kofi.

Sasa maelezo naandika mimi, na wewe wanijua, mdomo wangu hauna breki. Nimeandika: "Zana hii inaua kila kinachoendelea ndani ya terminali, na hakirudi. Ukimya si dalili kwamba kazi imekwisha. Soma kwanza mistari ya mwisho. Ukiwa na shaka usifunge, muulize mtu." Bosi akalalamika kuwa maneno ni makali. Nikamwambia akamuulize yule mama wa hospitali kama ni makali.

Siku hiyohiyo nikarudi nyumbani, nikamkuta Mama na Shangazi wanakutungia ujumbe: "Mzee anaendelea na dawa, anakula kidogo, usiwe na wasiwasi." Kaka, kila neno lilikuwa la kweli! Dawa anakunywa, ndiyo, lakini ni za kutuliza maumivu. Chakula chenyewe ni vijiko vya uji, na vingine vinarudi. Nikawauliza, "Mnamlinda, au mnamnyima baba yake?" Shangazi akanishukia kama mwewe, eti nimekosa adabu. Mama alilia. Alisema huko uliko huna wa kukushika ukianguka, akaniapisha nisikwambie. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo Mama analijua kuliko mimi, lakini mapenzi yamemziba macho. Usije ukamgombeza.

Basi sikiliza, nami sizunguki mbuyu. Baba ana saratani ya ini, na imeshasambaa. Daktari alituita mimi na Mama kwenye korido, akasema hakuna tiba iliyobaki. Hadhani kama Baba atauona mwezi ujao. Likizo yako ni mwezi ujao. Ukiingoja, utakuja kuonyeshwa kaburi.

Akili yake ni timamu, anatujua sote. Mlango ukigongwa alikuwa akishtuka na kuuliza, "Ni yeye?" Mama anamjibu, "Bado." Leo asubuhi umegongwa, hakuuliza.

Najua nimekupiga vibaya, na uko peke yako na habari hii. Nisamehe. Lia, ukimaliza ukate tiketi. Kama kazini watakunyima ruhusa, njoo bila ruhusa. Kazi nyingine utapata.

Mpe wifi salamu zangu, na watoto uwabusu wote. Kitindamimba wetu anakusalimu sana. Siku hizi ndiye anayemgeuza Baba kitandani, na hacheki tena kama unavyomjua. Mama na Shangazi wangekusalimu, lakini hawajui kama nakuandikia.

Mungu akufungulie kila mlango njiani, akulinde, akuwahishe.

Baba naye sijamwambia, kwa hiyo salamu zake hazimo humu. Njoo uzichukue mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
akupendaye na anayekungoja.