Vijiroboti Vyako Vilipozama Chole

Shoga yangu Zuhura,

Huko uliko hakuna simu, basi acha nikuandikie. Bado nina hasira na wewe. Mtu haondoki akaniachia kaka yake kama Shabani.

Jana ilikuwa arobaini yako, nyumbani kwenu Chole. Baada ya dua wazee wakakaa kugawa vitu vyako. Walipofika kwenye mtambo wako wa vijiroboti, Shabani alikuwa keshashika kiroba. "Shaba hii inapimwa kwa kilo," akasema. Koili zetu zote, Zuu! Zile nyaya za shaba nilizozisuka duara kwa cherehani yangu pale Mkuza, wewe umenisimamia nyuma ukinisimanga: "Taratibu, hushoni sare za shule."

Nikamwomba baba yako nionyeshe kwanza kazi ya shaba hiyo. Akaitikia kwa kichwa tu. Tangu tukuzike alikuwa hajalia, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabika.

Nikapanga koili kuzunguka beseni, nikaziunga kwenye betri ya sola. Shangazi yako akajaza maji. Nikawaeleza kama ulivyonieleza mimi: kijiroboti hiki ni kidogo kuliko punje ya mchele, hakina waya wala betri, kina kisumaku tu, na koili ndizo zinazokivuta kutoka nje. Siku moja kitapeleka dawa mahali mkono haufiki. Kisha nikakilaza juu ya maji.

Kikazama.

Cha pili kikazama. Cha tatu vilevile. Shabani akafungua mdomo wa kiroba, nami nikakuita kimoyomoyo, Zuu, njoo useme kitu. Ndipo nikasikia harufu ya sabuni ya unga. Beseni lilikuwa la kuoshea sahani za pilau, na shangazi, kwa heshima yako, alilisugua upya kabla ya kulileta! Wewe ulikuwa ukinifukuza mezani hata nikitoka kufua tu. Maji yakionja sabuni, ulisema, hayabebi tena kitu.

Nikamwaga yote. Nikasuuza, nikasuuza tena, Shabani anaguna. Nikavisuuza na vijiroboti, nikavianika juani. Watu wote wananitazama. Nikakilaza kimoja kwa kibanio.

Kikaelea. Nikabonyeza swichi, kikageuka, kikaenda moja kwa moja upande aliokaa baba yako.

Mzee akasogea, akaomba kiboksi cha swichi. Akakipeleka kulia, akakirudisha, akakizungusha, na ghafla akalia kwa sauti mbele ya wageni. "Mwanangu, kumbe ulikuwa unafanya haya." Shabani akakunja kiroba chake.

Nikajua nimeshinda. Nikaanza kufungasha nirudi na mtambo Mkuza. Baba yako akaweka mkono juu ya beseni: "Acha, mama. Kitu hiki hakitoki hapa."

Nilikasirika, sikufichi. Kazi yetu, shoga! Nimerudi mikono mitupu, nimelia njia nzima.

Leo baba yako amenipigia simu. Koili moja imeungua kwa kuchezewa mno. Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyevunja kikombe.

Basi pumzika, Zuu, usihangaike na sisi. Jumapili naenda Chole na koili mpya, na nakuahidi nitaendelea kwenda. Nitamgombeza kama nilivyokuwa nikikugombeza wewe.