Baba na Kengele ya Kiwanda Kimya

Armley, Leeds
Mwezi wa kumi, Jumatano

Mdogo wangu mpendwa Fergus,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini barua hii itakufikia u mzima huko Calgary, na kwamba umepata mahali pazuri pa kukaa na majirani wasio na kelele. Je, kazi inaendeleaje? Unakula vizuri, au ni mikate na jibini tu kama enzi za chuo? Sisi huku hatujambo. Watoto wanakua, goti langu limetulia, na mvua inanyesha kama unavyoijua. Duncan wangu anakusalimu sana. Anasema bado una koti lake.

Utashangaa kupata barua ya karatasi. Nimeshika simu mara kadhaa nikupigie, nikaiweka chini kabla haijaita. Mimi na wewe tukianza kuzungumza habari za Baba kwenye simu tunaishia kugombana, na safari hii sitaki tugombane. Nakuomba usome mpaka mwisho, hata kama mwanzo wake utakuchosha, maana lazima nianze na Kiwanda Kimya, ile bendi anayoipenda Baba.

Najua, najua. Hakuna watoto Leeds nzima waliochoshwa na bendi kama sisi. Wewe ulipewa jina la mpiga besi wao. Mimi nilinusurika kuitwa Maxine, kama mwimbaji wao, kwa sababu Mama alikataa katakata. Jumapili wenzetu walikwenda kwa bibi zao, sisi tulikalishwa sebuleni tusikilize gitaa linalolia kama mtu anakwangua masizi ya sufuria, na yule mwanamke akipiga kelele juu ya mishahara na maghorofa. Baba akifumba macho. Ukikohoa, unatolewa nje.

Basi mwezi wa pili kampuni moja ya London ilitoa upya albamu yao ya kwanza, ile Mshahara wa Ijumaa. Santuri mbili nzito, kijitabu cha picha, na sauti yote imesafishwa upya. Baba aliisubiri kama mtoto anavyosubiri Krismasi. Ilipofika aliisikiliza mara moja, akaisikiliza tena, kisha akavaa koti akaenda kwa Harjit akiwa na uso mweusi kama wingu la mvua. Unamkumbuka Harjit Bansal, yule dereva wa basi aliyekuwa akitupa peremende? Alimkuta anakula. Akamwambia kwamba wameharibu, wameitoa kengele.

Wimbo wa mwisho, Mtaa wa Nyuma, hata wewe unaukumbuka. Vyombo vyote vinanyamaza, halafu Maxine Thorley anapiga kengele ya baiskeli mara tatu, na albamu imekwisha. Baba aliisikia kwa mara ya kwanza juma lile walipofunga kiwanda cha nguo na kumrudisha nyumbani. Alimwambia Mama kwamba kengele ile ilikuwa kama mtu anapita barabarani na kumwambia, njoo, bado kuna mahali pa kwenda. Sasa anasema waliosafisha sauti wameifuta na kengele yenyewe.

Ile klabu yao ya mashabiki bado inakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, orofani kwenye baa pale karibu na mfereji. Ni mezani hapo vita vilipoanza. Dougie Pickersgill ndiye adui mkuu, yule mwenye kipara na fulana ya ziara ya zamani ambayo siku hizi inamfika kitovuni. Kwa Dougie, bendi ilikufa siku mpiga besi alipoondoka, na haya maonyesho ya sasa ni Maxine na vijana wa kukodi, lakini toleo jipya ndilo bora kuliko yote. Harjit kwa upande wake anaona bendi ni nyimbo, si watu, na madhali nyimbo zinaimbwa, bendi iko hai. Wanaweza kubishana hivyo mpaka pai zao zipoe. Kwa kawaida Baba angekuwa katikati yao akitoa hukumu. Safari hii hakutaka habari nyingine ila kengele.

Siku moja nilimpeleka kwa gari nikakaa nao. Alisimama akagonga meza akasema, “Wameitoa! Nyie mmekaa tu mnakunywa!”

Dougie akamjibu, “Neville, kengele ipo, bwana. Kasafishe masikio.”

“Kasafishe ubongo wako kwanza, wewe uliyenunua hata zile santuri zao mbovu za miaka ya tisini!”

Watu walicheka mpaka bia zikamwagika. Na mimi nilicheka, Fergus.

Nyumbani alinikalisha kwenye kile kiti cha Mama, akaweka santuri, akasimama mbele yangu akinitazama usoni. Wimbo ulipokwisha akasema, “Umeona? Kimya kabisa!” Lakini mimi niliisikia. Ilikuwa wazi kiasi kwamba paka aligeuza kichwa. Nikamwambia ipo, Baba. Akaniambia nimekuwa mtu wa kampuni. Nikajiambia ni ule ukaidi wake wa siku zote, umezidi tu kwa kuwa amebaki peke yake tangu Mama atutoke.

Aliiandikia kampuni. Kampuni, kwa uungwana, ikamtumia nakala nyingine, naye akasema na hiyo imeibiwa kengele. Akaanzisha ombi mtandaoni ili mashabiki watie saini. Ndiyo zile barua pepe ulizopata ukanitumia ukiuliza kama ameanza kuchanganyikiwa. Vijana wa mtandaoni wakambatiza Mzee wa Kengele, wakatengeneza picha yake amepanda baiskeli. Waliotia saini walikuwa wachache mno. Harjit alikuwa mmoja wao. Nilipomuuliza kama kweli haisikii, alitazama pembeni akasema anaisikia vizuri sana, lakini Neville ni rafiki yake, na hawezi kumwacha amesimama peke yake.

Sasa nifike kwenye onyesho. Lilikuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi uliopita, kwenye ile klabu ya wafanyakazi. Lilianza saa nane mchana, maana mashabiki wenyewe siku hizi wanataka kuwa nyumbani kabla ya giza. Ungecheka. Wale waliokuwa wakirushiana chupa walikuwa kwenye foleni wakiulizana habari za maumivu ya nyonga. Baba alivaa lile koti lake la ngozi. Aliniomba nisimame naye mbele kabisa, karibu na spika, na muda wote alikuwa ameweka kiganja chake juu ya lile boksi. Nilidhani anajiegemeza kwa kuchoka.

Maxine aliimba akiwa amekaa kitini. Sauti imeshuka, imekwaruza, na kwenye wimbo wa pili alisahau maneno, akacheka, ukumbi mzima ukamwimbia. Dougie alikuwa nyuma yetu akisema kwamba hii ni aibu, wangestaafu na heshima yao. Harjit akamgeukia, “Basi kastaafu wewe kwanza, maana hata kucheza huchezi!” Mimi, niliyemchukia mwanamke yule utoto wangu wote, nilijikuta nalia kidogo. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu Mama hakuwepo kulalamika.

Ukaja Mtaa wa Nyuma. Vyombo vikanyamaza. Maxine akainama, akatoa chini ya kiti kengele ya baiskeli, ile ile ya zamani, imekula kutu. Akasema kwenye kipaza sauti kwamba kuna bwana mmoja wa Armley anayedai kengele yake imeibiwa, basi hii hapa, aje ashuhudie. Ukumbi ukacheka, watu wakamgeukia Baba, Dougie akapiga ukelele, “Mzee wa Kengele!” Kisha kimya. Maxine akaipiga mara tatu.

Tulikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Baba alikuwa akitazama kidole gumba cha Maxine. Alikitazama kikishuka na kupanda. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Ukumbi ulipolipuka kwa makofi, aliangalia huku na huku, akaona wenzake wanapiga, ndipo na yeye akaanza. Akatabasamu, akampungia Maxine mkono. Kisha akawaangalia tena ili ajue lini waache.

Hapo ndipo nilipoelewa, mdogo wangu. Nilisimama tu na mkoba wangu mkononi.

Kwenye gari sikuwasha injini. Nilianza kusema, akanigusa bega akasema, “Nigeukie ukisema. Nikiona midomo napata.” Akaniambia mwenyewe, bila kuzungukazunguka. Daktari wa masikio alimpima kabla ya Krismasi iliyopita. Sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kwenda, kengele, ndege, watoto, sauti za wanawake. Sikio la kulia limekwisha, la kushoto linafuata. Amepewa vile vifaa vya kuvaa masikioni, lakini vinakuza makelele tu, kilichokufa havikifufui. Vimo kwenye droo pamoja na soksi.

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini vita vyote vile na kampuni, na Dougie, na dunia nzima?  Akasema, “Kama wameitoa wao, Corinne, kuna wa kumlaumu, na kuna anayeweza kuirudisha. Kama ni mimi, nitamwandikia nani?”

 

Nilidhani yamekwisha. Nikawasha gari. Ndipo akasema, “Usimwambie Fergus. Asianze kuhangaika na mimi wakati huu, mtoto yuko njiani.”

Nikamuuliza mtoto gani.

Akashangaa kwamba sijui. Akaniambia ulimpigia siku ya Pasaka, simu ilikuwa na mkwaruzo, lakini alilisikia jina la mkeo, Kirsten, na akasikia ukisema ulitaka yeye awe wa kwanza kujua. Sauti yako, alisema, ilikuwa inatetemeka kwa furaha. Kwa hiyo akacheka, akakuambia vizuri sana, ni habari njema, umechelewa hata hivyo.

Fergus, uliniambia habari ya simu hiyo hiyo mwezi wa nne, ukilia. Ulimwambia Baba kwamba mkeo amekuacha, naye akakucheka akasema vizuri sana, umechelewa. Uliapa hutampigia tena, na nilikuunga mkono. Nilimkasirikia kwa niaba yako miezi yote hii, nikimpelekea chakula na kukiweka mezani bila maneno. Hakukusikia. Alishika vipande viwili vya ulichosema akavishona pamoja kwa jinsi alivyotamani.

Na mimi, nikiwa nimemgeukia, midomo yangu mbele ya macho yake, nilifungua kinywa nimwambie ukweli. Alikuwa ananisubiri, amekunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akaniwahi kuuliza, anazaliwa lini? Nikasema wewe hujaniambia tarehe. Ndivyo nilivyosema. Akatoa mfukoni kifulana cheusi cha mtoto mchanga, kimeandikwa Kiwanda Kimya kifuani, alichonunua pale mlangoni pa ukumbi. Kimetundikwa jikoni kwake sasa, kwenye mpini wa kabati. Kila ninapoingia nakiona kwanza.

Amefuta lile ombi lake. Dougie ametangaza ushindi mtandaoni na watu wamempongeza.  Harjit anajua. Anakuja kila jioni, wanaweka santuri, wanaweka viganja vyao juu ya spika. Siku nyingine nashindwa kuwatazama.

Sijui ni nani wa kumwambia juu ya Kirsten. Nimejaribu Jumapili, nikajaribu tena jana, na kila mara ananitangulia kuuliza habari za mtoto. Sikulazimishi, nawe una donda lako. Ila ukiamua kumwambia, usipige simu. Ataipokea kwa furaha, na lolote utakalosema atakujibu vizuri sana. Mwandikie, kwa herufi kubwa, uanze na kwamba humchukii.

Jaribuni kupumzika, wewe na huo moyo wako. Watoto wanauliza lini utakuja, na kitanda cha chumba cha nyuma ni chako siku yoyote. Harjit anakusalimu. Baba angekusalimu pia, lakini hajui ninaandika. Yuko sebuleni, amenipa mgongo. Nimemwita mara mbili kwamba chakula kiko mezani. Ngoja niende nikamguse bega.

Akupendaye daima, dada yako,
Corinne