Vikombe Viwili vya Milada

Jumatatu, 3 Novemba

Sijapata kumwambia mtu. Hedifoni ninazovaa kutwa hazina darsa za dini ndani yake. Mama anaamini ni darsa. Hajaniuliza, nami sijamsahihisha. Anayeimba mle ni Milada. Mwanamke wa Kicheki, umri wa bibi yangu, anapiga roki, sauti kama kiti kinachoburutwa. Nampenda kuliko mtu yeyote wa darasani kwangu. Aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo.

Leo chakula cha mchana nimekula maktaba tena. Chloe wa darasani akasimama mezani kwangu, akauliza nasikiliza nini. Nikasema hamna kitu. Akaondoka. Labda angekaa.

Alhamisi, 6 Novemba

Anakuja. Hapa hapa Birmingham, Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbi mdogo wa Hockley juu ya karakana ya sonara. Ziara ya mwisho. Masikio yake yanakufa, ameandika mwenyewe. Baada ya hapo haimbi tena.

Najua maisha yake yote. Alianza na kaka zake katika mji wa viwanda vya vioo. Serikali ya zamani ikamnyima jukwaa, akawa anasafisha magari ya tramu, huku watu wakinakili kanda zake nyumba kwa nyumba. Serikali ikaanguka, akajaza viwanja vya mpira. Kisha akapasuliwa koo. Sauti nzuri ikaenda, watu wakasema basi, kwisha. Yeye akarikodi albamu nzima jikoni kwake na sauti aliyobakiwa nayo. Hata birika lake linasikika likipiga mluzi.

Ndiyo albamu niliyoikuta katika sanduku la sidii aliloacha mpangaji wa zamani, tulipohamia Longbridge. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, sina rafiki. Sasa ninayo kumi na sita. Rafiki bado.

Wa umri wangu lazima aingie na mtu mzima. Mtu mzima sina.

Jumapili, 9 Novemba

Nimemwambia Shangazi Zuwena. Huyu ni dada yake Baba, ana duka la vitambaa Balsall Heath. Alipokuwa Unguja hakukosa taarab hata moja. Nilisema huku nakunja vitambaa, simtazami.

"Anaimba mwenyewe, au anafungulia sidii akatingisha midomo?"

"Mwenyewe, Shangazi."

"Basi twende. Ntavaa nini mie?"

Jioni akampigia Mama, nami niko pale pale. "Wifi, nnamtaka huyu mtoto Jumamosi, anisindikize kwenye muziki wa Wazungu." Mama akacheka mpaka akakaa. "Wewe Zuwena, hukui?" Akaruhusu. Anadhani mwenye hamu ni Shangazi. Nikamwacha aamini hivyo. Mimi ni mwoga.

Jumatano, 12 Novemba

Nimejifunza sentensi moja ya Kicheki: Asante kwa vikombe.

Ni vya ule wimbo niupendao kuliko zote, "Vikombe Viwili". "Sikukuita, lakini nimetenga vikombe viwili." Nimeutafsiri kwa kamusi, neno neno, nadhani sikukosea sana. Nitamwambia baada ya onyesho. Nafanya mazoezi bafuni, bomba nimelifungulia. Sentensi moja tu. Miaka minne ameongea yeye, nami sijamjibu. Nikishindwa Jumamosi, hakuna siku nyingine.

Skuli leo sikuongea na mtu. Sijui kama kuna aliyegundua.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimeshindwa.

Ukumbi ulijaa Wacheki wa umri wa Mama, wamesimama kimya kama wako ibadani. Shangazi na gauni la kijani, udi umemtangulia mpaka juu ya ngazi. Milada mdogo kuliko picha zake. Gitaa jekundu. Ilipofika "Vikombe Viwili" nikalia. Sikujua kama nalia mpaka nilipomwona Shangazi ananitazama.

Akafungua mkoba. Nikajua.

"Shangazi, usiende. Huku hawafanyi hivyo."

Akaenda. Kwetu wimbo ukikuchoma unanyanyuka, unakwenda kumtunza mwimbaji pesa. Haina maelezo. Basi Shangazi alikwenda kama alivyokuwa akitunza Unguja, taratibu, mabega yakicheza, mkono juu, noti kidoleni, akipita katikati ya watu waliosimama kama nguzo. Akampa Milada mkononi, wimbo haujafika nusu. Milada akaacha kupiga. Mtu akacheka. Mwingine akainua simu apige picha.

Nikashuka ngazi. Nilimwacha shangazi yangu kule peke yake.

Nje baridi. Nikaegemea mlango wa karakana. Muziki ukaanza tena, nasikia besi na ile sauti kwa mbali. Ulikuwa "Vikombe Viwili", kutoka mwanzo. Nikadhani amekasirika kukatizwa. Sikupanda. Halafu makofi, marefu sana, kisha watu wakaanza kutoka.

Shangazi alitoka na jasho usoni.

"Kumbe uko hapa! Mtu kakurudilia wimbo mzima, nawe unaota baridi?"

Anasema Milada alimuuliza kwa Kiingereza anataka wimbo gani. "Nikamwambia sitaki mwengine, nimetunza huu huu. Wa mtoto wa kaka yangu, yule pale nyuma analia. Akasema aje mbele. Watu wote wakageuka. Pale nyuma hamna mtu!" Noti Milada akaichomeka juu ya gitaa, kwenye nyuzi. Akaimba anatazama mlango.

Nilimuuliza kwa nini alikwenda.

"Umechomwa wewe, hunyanyuki. Sasa anyanyuke nani?"

Tukapanda mbio. Wanakunja nyaya. Milada alikwishaondoka kwa mlango wa nyuma. Sentensi yangu bado ninayo mdomoni.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua. Nimempigia Shangazi kumwomba radhi. Kasema radhi ya nini, ana wateja, akakata.

Hedifoni sikuvaa. Mama alikuwa jikoni anakaanga samaki, mimi nakata vitunguu. Nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikafungulia albamu. Mama hakugeuka. Nyimbo mbili zikapita. Kisha ukaja "Vikombe Viwili", birika la Milada likapiga mluzi, na Mama akatazama jiko letu.

"Birika la nani hilo?"

Nikamwambia. La Milada, yule wa jana. Ndiye ninayemsikiliza siku zote, Mama. Si darsa.

Akageuza samaki. Akageuza wa pili. Nikangoja maneno. Akanyoosha mkono, akazima feni ya moshi iliyokuwa ikivuma juu ya jiko.

"Anasemaje?"

Nikamwambia anasema hakumwita mtu, lakini ametenga vikombe viwili. Nikaurudisha wimbo mwanzo, nikaongeza sauti kidogo, nikachukua kisu nikaendelea na vitunguu.