Barua Zilizobaki kwa Bi Nuha

Jumatatu, 1 Machi 1999

Leo nimemaliza kisanduku cha tatu cha Dakta Hessel. Kazi yenyewe si ngumu. Profesa ameshatafsiri, mimi naingiza kwenye kompyuta: nani kaandika, yuko mji gani, mwaka gani, na barua ilifuatana na kitu gani. Mholanzi huyu wa miaka ya 1640 alikuwa tabibu, lakini uroho wake wa vitu! Mbegu, makombe ya pwani, mizizi, jino la mnyama asiyemjua. Anamwuliza mtu wa Lisbon, yule anamwuliza mwengine Goa, jibu linarudi baada ya miaka miwili, na Hessel bado anangoja. Barua alizoandikiwa ni mia mbili na kumi na mbili. Za mkono wake kumi na moja tu, nazo zimepatikana kwa watu aliowapelekea.

Nimecheka peke yangu maktabani. Si Baba huyu?

Baba, dakta wa dispensari Wete. Kabati lake la droo ndogo ndogo, kila droo na mzizi wake. Harufu ya kafuri na jodini mpaka kwenye mto wake wa kulalia. Alasiri, dispensari ikishafungwa, anakaa barazani na ubao magotini, anawaandikia watu wake — Lamu, Moroni, Ujiji, Maskati. Huu mnauitaje huko kwenu? Mnautumia kwa homa au kwa tumbo? Anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Anwani juu ya bahasha naandika mimi, maana posta walitaka herufi za Kizungu na zake zilikwenda upande. Nilikuwa na miaka kumi na nikijiona waziri.

Mimi hakuniandikia hata moja. Nilitoroka 1974, bila kuaga, nikaja huku kusoma. Nilimwandikia mara nne. Kimya. Miaka kumi na tatu, mpaka akafa. Nataka kujua kama alikufa na hasira na mimi. Hilo tu.

Sanduku la barua zake liko kwa Ubeid, mdogo wangu. Jumamosi nakwenda kwake, mji wa Katy, nje kidogo ya Houston.

Jumamosi, 6 Machi 1999

Ubeid amezichoma.

Walipohamia nyumba mpya lile sanduku lilikuwa limeingia maji, karatasi zinakatika mkononi. Akaogopa zisije zikaishia kwenye taka, na kila barua juu yake ina Bismillahi. Basi akatawadha, akazichoma moja moja kwenye sufuria, na jivu akaenda kulimwaga kwenye maji yanayokwenda, bayou, kile kijito cha nyuma ya nyumba yao. Adabu zote tulizofunzwa chuo cha Kurani, hakuacha hata moja. Ananieleza huku anangoja nimshukuru!

Nikamwuliza kama alizisoma kwanza. Akasema, "Dada Yumna, Kurani nasoma, lakini mwandiko wa mkono wa watu siuwezi tena. Nilijaribu, I swear." Hamdiya, mkewe, akanisogezea sahani: "Wifi, kula kwanza, please." Sikula. Nikamwita Ubeid mjinga mbele ya mkewe, nikaondoka. Foleni barabara ya I-10 nzima, na mimi nalia kwenye usukani kama nimefiwa upya.

Jumapili, 7 Machi 1999

Ubeid kapiga simu mara tatu. Sikupokea.

Kinachoniudhi zaidi: Baba mwenyewe angefanya vile vile. Alikuwa akiinama njiani kuokota kipande cha gazeti chenye jina la Mungu, anakibusu, anakitia mfukoni. Ubeid kamwiga Baba sawasawa. Na bado sitaki kumwona.

Jumatano, 10 Machi 1999

Miezi minne naingiza barua za Hessel na akili yangu ilikuwa wapi?

Leo profesa alikuwa akimweleza mgeni: kwenye sanduku la mtu mnakuwa na maneno ya wenzake, maneno yake mwenyewe yako kwao. Anasema hivyo kila wiki. Leo ndiyo nimesikia. Alizochoma Ubeid ni barua za watu! Za Baba ziko kule kule zilikokwenda.

Nikachukua karatasi nikaandika anwani, zile zile. Mkono ulizikumbuka kabla ya kichwa. Wa Moroni najua alikufa. Wa Ujiji alihama, hakuna ajuaye alikohamia. Wa Maskati wanawe nimewapigia simu, hawana habari. Nimebaki na mmoja — Bi Nuha, mkunga, mtaa wa Langoni, Lamu. Yeye ndiye aliyekuwa akibishana na Baba sana, na Baba akimpenda kwa hilo.

Jumatatu, 15 Machi 1999

Yu hai!

Aliyenitafutia ni Hemed wa Lewisville, dereva wa lori, mtu wa Lamu. Dada yake anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Nuha. Asubuhi nikanunua kadi ya simu nikapiga. Sauti nyembamba, lakini kali. Ana miaka themanini na kitu, macho yamefifia. Barua za Dakta, ndivyo anavyomwita Baba, anazo, kwenye mkoba wa ukindu. Nikamwomba azitie posta. Akakataa: "Hii ni amana, mwanangu. Niletee mtu nimkabidhi." Nikamtajia Hemed, anakwenda huko kwa Idi. Akauliza ni Hemed mtoto wa nani, mpaka babu yake, ndipo akakubali.

Jumapili, 28 Machi 1999

Jana Idi. Msikitini nilimkwepa Ubeid. Hamdiya akanifuata mpaka kwenye gari na biriani imefunikwa foil. Akaniambia taratibu, "Wifi, usiku Ubeid halali. Anasema kamzika Baba mara ya pili." Nikapokea sahani, nikawasha gari.

Biriani nimeimaliza yote, nimesimama jikoni. Nilimwonea.

Jumamosi, 17 Aprili 1999

Lewisville. Naandika ndani ya gari, parking ya apartments za Hemed. Mwendo wa saa nne na nusu kutoka Houston na sijahisi njia.

Hemed kanikabidhi barua tisa. Nyingine Bi Nuha kazizuia, anataka niende mwenyewe. Nikasema nakwenda garini mara moja kuchukua miwani. Miwani ilikuwa usoni.

Ya kwanza ni ya 1976. Mwandiko wa Baba! Nasoma kwa kidole, polepole. Anamgombeza Bi Nuha kwa kupeleka mbegu mbichi, zimeota ukungu. Anamwambia dawa yake ya uzazi haina akili. Nimecheka. Kisha chini, kwenye salamu: Mama Ubeid anakusalimu. Ubeid anakusalimu. Yumna anakusalimu.

1976! Nilikuwa Houston, naosha sahani kwenye kantini ya chuo.

Nikafungua ya pili. Yumna anakusalimu. Ya tatu. Zote. Hakuna hata moja aliyoniruka.

Labda alikuwa akinificha. Siku zile barua zilifunguliwa na watu wa serikali, na nyumba iliyotorokwa iliulizwa maswali. Labda ndiyo maana mimi hakunijibu. Lakini hii ya mwisho ni ya 1986, na haikutiwa posta hata. Juu imeandikwa: kwa mkono wa Abdulhafidh, yaani msafiri aliyeibeba mwenyewe mpaka Lamu. Nani angeifungua? Nani alikuwa bado ananitafuta 1986? Na hapo, baada ya Ubeid: Yumna mzima, anakusalimu sana.

Mke wa Hemed amekuja kugonga kioo, wali unapoa. Nimemwambia naja, lakini kwanza aniazime simu nimpigie mdogo wangu Katy. Sijui nitaanzaje, baada ya yale niliyomwambia. Nitamsomea tu hii ya 1986. Polepole, mpaka kwenye majina.